Hatua Thelathini Kabla ya Ndege Kuruka

Kwenu mnaobaki karakanani,

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za kabati, nikaacha koti langu la kazi kwenye msumari wake, nikatoka kwa mlango uleule nilioingilia miaka kumi na sita iliyopita. Mliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa kabla yenu. Nimekubali, lakini sitaeleza nani alipandishwa cheo na nani aliachwa. Mambo hayo yana wasimulizi wake, nao hawachoki. Nitaeleza jambo moja mnalolifanya kila asubuhi huku akili zenu ziko kwenye chai: kupima umbali wa mawimbi kabla ya ndege kuruka.

Iwapo barua hii itaangukia mikononi mwa mtu wa nje, afahamu kwamba kazi yetu Isiolo ilikuwa kupiga picha za malisho kutoka angani. Hatukuwa na ndege za kubeba watu. Tulikuwa na ndege ndogo za mbao nyepesi, mabawa yake marefu kama kitanda, na tumboni mwake kamera moja. Anayeirusha husimama chini akiwa na transmita mkononi, akisogeza vijiti viwili, na mawimbi ya redio huenda kuzungusha vimota vidogo vinavyosukuma mkia na mabawa. Ndege ya namna hiyo haiitwi ikageuka wala haifukuziwi ikakamatwa. Mawimbi yakikatika, inabaki kuwa injini ya moto na propela kali, ikielekea popote ipendapo.

Nilifika miaka ya sabini ilipokuwa michanga, nikiwa na cheti cha ufundi wa redio na sanduku la vitabu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Jama, fundi mkuu, mtoto wa mojawapo ya zile familia za Kisomali ambazo babu zao waliletwa Isiolo na uaskari wa mkoloni. Yeye mwenyewe alifundishwa redio jeshini. Hakuwa mzee sana wakati huo, ila alikuwa na namna ya kumtazama mtu iliyofanya neno hilo litoke lenyewe.

"Warya," aliniita, yaani ewe kijana kwa Kisomali, "wewe ndiyo ule mtu wa vitabu?"

"Ndiyo, Mzee. Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Vitabu weka pale. Hapa tunatembea."

Aliweka ndege juu ya sanduku la mbao, mbali na gari na mbali na bati lolote. Akaisukuma antena ya transmita ndani mpaka ikabaki kipande cha urefu wa kidole. Akaniamuru nichuchumae kwenye mkia, niinue mkono muda wote mkia unapotii, na niushushe mara tu utakapoanza kutetemeka. Kisha akapaza sauti: "Kimya!" Dereva akazima injini ya gari. Mpishi akaacha kugonga sufuria. Mzee Jama akaanza kurudi nyuma akihesabu hatua kwa Kisomali, akisogeza kijiti kushoto na kulia, huku ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Alipofika hatua ya thelathini na mkia bado unatii, alisimama.

Nilimwuliza kwa nini tulipima na antena iliyofungwa ilhali tutaruka na antena iliyofunguliwa.

"Kama mke wako anasikia ukinong'ona ukiwa mlangoni," alinijibu, "ukipiga kelele atasikia ukiwa sokoni."

"Na asipotaka kusikia?"

"Hiyo ni shida ingine. Siyo ya redio."

Hilo ndilo somo zima la kupima umbali, na sijalisoma mahali pengine likiwa fupi kuliko hapo. Sauti hafifu ikisikika kwa hatua thelathini, sauti kamili itasikika hadi pale ambapo macho yenu yataishiwa na ndege. Mengine mnayajua: betri zijazwe mchana uliotangulia, antena isielekezwe ncha kwa ndege kwa sababu nguvu haitoki nchani, na idadi ya hatua ilinganishwe na ya jana. Ndege iliyofika arobaini jana na thelathini leo imetimiza sharti, lakini ina jambo inataka kuwaambia.

Katika mwezi wangu wa pili nilifanya kosa ambalo nililibeba mfukoni, na simaanishi kwa mafumbo. Waya wa risiva, kile chombo kinachopokea mawimbi, hutoka tumboni mwa ndege na kuning'inia nyuma kupita mkia. Niliuona kuwa uchafu. Nikaukata kiasi cha shubiri moja ili ndege ipendeze. Asubuhi iliyofuata mkia ulianza kutetemeka kwenye hatua ya kumi na moja. Mzee Jama aliitazama ndege, akanitazama mimi.

"Nani amekata huu waya?"

"Mimi, Mzee. Ulikuwa unaning'inia."

"Kitu ikining'inia, kwanza uliza inaning'inia kwa nini. Halafu ndiyo utafute makasi."

Aliniamuru niweke kile kipande katika mfuko wa shati na nisikitoe mpaka aniruhusu. Hakuniruhusu kamwe, kwa hiyo kila niliponunua shati jipya nilikihamisha. Mke wangu alidhani ni dawa.

Baada ya miaka saba Mzee Jama aliacha kazi akajiunga na ndugu zake wenye malori. Nikabaki na funguo, daftari na desturi zake. Nilizilinda desturi hizo kwa ukali ambao yeye mwenyewe hakuwa nao, hasa kile kimya. Mara mbili nilimfukuza mpishi uwanjani kwa ajili ya kifuniko cha birika. Mgeni aliyekohoa wakati wa kupima alinisikia nikianza kuhesabu upya. Niliamini kwamba mtu asiyeweza kunyamaza kwa muda wa hatua thelathini hana nidhamu ya kukabidhiwa chombo chochote. Bado naamini hivyo kwa kiasi fulani, lakini kwa sababu nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tuliletewa Landrova mpya yenye redio ya mawasiliano na antena ndefu kama fimbo ya kuchungia ngamia, iliyofungwa kwenye bampa. Amri ya ofisi ilikuwa kwamba popote gari litakapokuwa, dereva aite Isiolo saa nne kamili ya asubuhi, kwa maana gari moja lilikuwa limekwama mtoni siku mbili bila mtu kujua. Dereva wetu alikuwa Ekai, Mturkana aliyekulia mjini, mpangaji wa chumba kimoja katika mtaa wa Bulla Pesa pamoja na mkewe na watoto wanne. Alikuwa mcheshi, nami nilichukulia ucheshi kuwa dalili ya kutofikiri. Asubuhi moja, baada ya kupima, alinijia akifuta mikono.

"Bwana Fundi, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Hii redio tunazima wakati wa kupima. Lakini ndege ikiwa juu, saa nne ikifika, mimi lazima niite Isiolo. Si tungepima pia nikiwa naita?"

"Ekai, redio ulisomea wapi?"

"Sijasomea. Mimi naona tu."

"Basi endelea kuona barabara."

Waliokuwapo walicheka. Nami nilicheka, kwa kiasi kilichofaa cheo changu. Ekai alicheka pia, akarudi kwenye gari. Kwa miezi kadhaa hapakutokea lolote, kwa sababu tulikuwa tukimaliza kuruka kabla ya saa nne, jua likiwa bado chini na upepo umetulia. Bahati hiyo niliiita utaratibu.

Kisha tukaitwa Kipsing. Pande mbili za wafugaji zilikuwa zikigombania malisho ya nyuma ya kilima. Upande mmoja ulidai kwamba wenzao wameficha majani huko. Wenzao waliapa kwamba huko ni mawe matupu. Vijana walikuwa wameanza kutembea na mikuki hata walipokwenda kuchota maji. Wazee wa pande zote mbili walikubali kitu kimoja tu: ndege ipige picha, na picha ndiyo iseme.

Tulipima mapema. Ekai alizima injini, akazima redio, akashuka na hata akavua kofia, kama nilivyowazoesha wote. Mkia ulitii hatua thelathini na nne, nami nikaandika hivyo daftarini. Lakini wazee hawakuweza kuanza bila kusalimiana, na hawakuweza kusalimiana bila kukumbushana ng'ombe wa miaka mingi iliyopita. Ndege iliporuka, jua lilikuwa limekwisha kupanda. Ilizunguka kilima, ikapiga picha zake, ikarudi nikiishusha taratibu ipite karibu na gari. Nilisikia nyuma yangu sauti ya Ekai, safi na ya adabu: "Isiolo, Isiolo, hapa ni Kipsing."

Mkia ukaruka. Nilisukuma vijiti kwa nguvu zangu zote, lakini vijiti havijui nguvu. Ndege ililala kwa bawa moja ikaenda moja kwa moja kisimani, mahali watu walipokuwa wakinywesha mifugo. Bawa lilimpiga mfugaji mmoja wa makamo, likamvunja mtulinga. Propela ilijikita kwenye hori la mbao, kando kabisa ya mkono wa mkewe. Kamera ilipasuka na filamu ikaungua kwa mwanga. Kabla hatujampakia majeruhi garini, kila upande ulikuwa umekwisha kuamini kwamba tumetumwa na upande wa pili kuuharibu ushahidi.

Njiani kwenda hospitali yule mfugaji alilala kiti cha nyuma, ameshika bega lake.

"Niliiona ikija," alisema. "Nilifikiri inakuja kunywa maji."

Ekai alitaka kucheka. Hakuweza.

Jumatatu Mkuu wa mradi alituita. Alikuwa mtu wa maswali mafupi.

"Ndege ilipimwa?"

"Ilipimwa, bwana. Hatua thelathini na nne. Imeandikwa."

"Basi nini kiliiangusha?"

"Dereva alibonyeza redio ndege ikiwa chini, karibu na gari."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na kwa maneno hayo ya kweli nilikuwa nimejenga uongo. Ekai aliambiwa arudishe ufunguo wa gari, asiguse redio, na akae nyumbani akisubiri barua ya kufutwa. Alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kusema, "Nilimwuliza huyu, akanicheka." Alinitazama tu, kwa muda mfupi, akatoka. Mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa heshima au kwa sababu nilimfundisha kunyamaza.

Nilikuwa na rafu nzima ya vitabu kuhusu uadilifu, na jioni mbili zilizofuata nilivisoma kwa bidii. Niwaambieni nilichogundua: mtu anaweza kusoma ukurasa mzuri kabisa juu ya haki huku mwenzake akikosa haki, na ukurasa usimwunguze vidole. Siku ya tatu nilivifunika nikaenda kwenye uwanja wa malori kumtafuta Mzee Jama. Alikuwa ameketi juu ya gurudumu kuukuu, anakunywa chai ya maziwa ya ngamia.

"Mzee, kile kimya cha wakati wa kupima. Sababu yake ilikuwa nini?"

"Nini?"

"Kimya! Ulikuwa unasema 'Kimya!' tukipima."

"Warya, kuja upande hii. Hiyo sikio ingine iliharibiwa na mzinga jeshini." Nilihamia upande wa pili, naye akaendelea: "Nilikuwa nataka kusikia kimota ikilia. Na sikio moja, mtu akigonga sufuria mimi sisikii kitu."

"Ni hilo tu?"

"Ulitaka iwe nini? Sala?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaniuliza kama gari letu lilikuwa na redio, na kama tuliizima tukipima. Nilipomjibu, aliacha kucheka.

"Mutuma," alisema, na ni mara chache aliniita kwa jina, "ile waya bado uko nayo?"

Nilikitoa kile kipande mfukoni. Alikitazama, akanirudishia, akaendelea na chai yake. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba somo la kuuliza sababu, na desturi kubwa kuliko zote ikaning'inia mbele yangu bila mimi kuuliza.

Kutoka hapo nilikwenda Bulla Pesa. Ekai alikuwa uani akipasua kuni. Nilimsalimu mkewe mlangoni; aliingia ndani bila kujibu, na sikuwa na haki ya kulalamika.

"Ekai, twende karakanani. Nataka uniitie Isiolo."

"Nimekatazwa kugusa redio."

"Najua. Utaigusa mbele ya Mkuu, kwa neno langu."

Aliweka shoka chini. "Utasema yote ama utasema nusu?"

"Yote."

"Hata ile ya kuona barabara?"

"Hata hiyo."

Alivaa viatu.

Tulichukua ndege nyingine ya aina ileile. Mkuu mwenyewe alichuchumaa kwenye mkia, na suruali yake nzuri. Redio ya gari ikiwa imezimwa, mkia ulitii hatua thelathini na nne. Nikarudi, nikaanza upya, na Ekai akaita Isiolo. Kwenye hatua ya tisa mkono wa Mkuu ulishuka, na mkia ulikuwa ukipigapiga kama samaki ndani ya ndoo. Nilisimama palepale kwenye hatua ya tisa, nikasema kila kitu: swali la Ekai, jibu langu, na kicheko.

"Kwa nini hukusema Jumatatu?"

"Niliona haya, bwana."

"Hiyo si sababu."

"Si sababu, bwana."

Ekai alirudishiwa ufunguo siku hiyohiyo. Barua iliyokuwa imeandikwa kwa ajili yake iliandikwa upya kwa jina langu, ikiwa onyo, na imo katika faili langu hadi leo, msiiondoe. Niliomba daftari liongezwe mistari miwili. Wa kwanza unasema kwamba ndege ipimwe huku kila kitakachowaka wakati wa kuruka kikiwa kimewashwa. Wa pili unasema kwamba anayepima asiwe yule anayerusha, na akisema hairuki, hairuki. Jina la kwanza katika safu ya wapimaji ni la Ekai, kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari.

Tulirudi Kipsing wiki mbili baadaye. Saa ya kuita ilipofika Ekai aliita akiwa mbali, gari limeegeshwa nyuma ya mwinuko, mahali ambapo asubuhi tulipima tukaona redio haisumbui mkia. Picha zilionyesha majani nusu na mawe nusu, kwa hiyo kila upande ulikuwa umesema ukweli uliokatwa katikati, na niliwaelewa vizuri kuliko walivyojua. Wazee waligawana yale majani kwa siku. Yule mfugaji alikuwapo, mkono wake ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Leo," aliniambia, "mimi nitasimama nyuma ya ngamia."

Sasa nifike Ijumaa, ambayo mliiona kwa macho yenu, ila hamkuiona kutoka nilipokuwa nimesimama. Viti vilipangwa, wageni wakaja, na ilikubaliwa kwamba niirushe ndege kwa mara ya mwisho. Sikuwahi kukiri kwa mtu jinsi nilivyokuwa nikiingojea saa hiyo. Nilikuwa nimenyoa ndevu mara mbili.

Ekai, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko mimi na ndiye mpimaji wenu, alipaza sauti: "Washa zote!" Injini ya gari, lililoegeshwa mbali kama ilivyo desturi sasa, ikanguruma, injini ya ndege ikapiga kelele, redio ikaita Isiolo, na mpishi, bila kuombwa, akagonga sufuria. Ekai akaanza kurudi nyuma na transmita. Kwenye hatua ya ishirini na nane mkono ulishuka. Akarudia. Ishirini na nane.

Nilimwendea. "Ekai, ni hatua mbili tu. Na wageni wamekwisha kukaa."

"Ni mbili, Mzee."

"Labda hatua zako ni ndefu."

"Hata jana zilikuwa ndefu, na jana ilifika thelathini na tano."

Niliwasikia baadhi yenu mkicheka. Niliwatazama wale wageni, nikaitazama anga, ambayo ilikuwa safi bila hata wingu moja. Mpaka saa kumi na moja jioni mimi nilikuwa bado mkubwa wa karakana ile, na neno langu moja lingetosha. Ekai alilijua hilo. Alikuwa amesimama na transmita kifuani, akinitazama kama alivyonitazama siku ile mlangoni kwa Mkuu, ila safari hii hakuondoa macho.

"Andika," nikamwambia.

Aliandika: 28. HAIRUKI. Akanipa kalamu. Nilitia sahihi chini ya jina lake, nikaifunga ile ndege ndani ya sanduku lake kwa mikono yangu, kisha nikamwambia mpishi alete chai.